Wageni wa Jana: Habari za Waliohamia Marekani Zamani za Viwanda, na Yanayotuhusu Sisi wa Garissa

Ni desturi ya kitabu hiki cha taarifa ya mwaka kwamba, baada ya hesabu za fedha na majina ya wenzetu waliotutoka, hutolewa nafasi kwa makala moja ya historia, ili wazee wasome au wasomewe, na vijana wapate la kujifunza. Mwaka huu Halmashauri imetuomba tuandike juu ya nchi ya mbali, nayo ni Marekani, na yamkini wanachama wengine watashangaa. Sababu yake ni swali la mzee mmoja katika mkutano wetu mkuu. Siku ile tulikuwa tumezungumza tangu asubuhi hadi adhuhuri juu ya vijana wanaokosa vitambulisho, hata habari za karo na za mazishi zikakosa nafasi. Ndipo mwanachama mmoja akasema, afadhali wenye jamaa zao Minnesota, maana huko mgeni hupata karatasi zake. Mzee akainua fimbo yake akauliza: "Hao Wamarekani wenyewe walitoka wapi, na walipofika waliulizwa nini?"

Hakuna aliyeweza kumjibu sawasawa. Tumejaribu kumjibu hapa, na katika kujibu tumejikuta tukirudi nyumbani mara nyingi kuliko tulivyodhani.

Kati ya mwaka 1880 na 1920 watu zaidi ya milioni 20 waliingia Marekani. Wengi walikuwa wakulima maskini wa kusini ya Italia, Wayahudi waliokimbia kuuawa na kuporwa katika nchi za mfalme wa Urusi, Wapolandi, Wagiriki, na watu wa makabila mengi ya Ulaya ya mashariki ambayo majina yao hayakuwa yakitajwa sana. Meli za mvuke zilikuwa zimepunguza nauli na siku za safari. Na viwanda vya chuma vya Pittsburgh, machinjio ya Chicago na vyumba vya kushonea nguo vya New York vilitaka mikono, tena mikono ya bei nafuu. Mwenye kiwanda hakuuliza mtu katoka wapi. Aliyeuliza ni serikali.

Januari 1, 1892, ilifunguliwa forodha ya watu katika kisiwa kidogo cha bandari ya New York kiitwacho Ellis Island. Hadi ilipofungwa mwaka 1954, watu wapatao milioni 12 walipita hapo. Mwaka 1907 peke yake walioingia nchini walizidi milioni moja. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikaguliwa melini kwa heshima, wakashuka wakaenda zao. Waliopelekwa kisiwani ni wale wa daraja la chini. Walipanda ngazi huku madaktari wakiwatazama kama sisi tutazamavyo mbuzi sokoni: anayehema sana alichorwa herufi ya chaki kwenye koti kwa sababu ya moyo, anayechechemea alichorwa nyingine. Kope zilipinduliwa ili kutafuta ugonjwa wa trakoma. Kisha mtu akasimamishwa mbele ya karani mwenye orodha ya maswali 29: jina, umri, kazi, kabila, ana fedha kiasi gani, nani kamlipia nauli, anakwenda kwa nani.

Hapo palikuwa na mtego ambao twaomba wazee wauangalie vizuri, maana tutaurudia. Sheria moja ilisema kwamba mtu aelekeaye kuwa mzigo kwa umma arudishwe. Kwa hiyo aliyeulizwa, "Una kazi?" akajibu, "Sina," alikuwa hatarini. Lakini sheria nyingine, ya mwaka 1885, ilikataza kumwingiza mtu aliyekwisha kuahidiwa kazi, kwa kuwa vyama vya wafanyakazi vililalamika kwamba matajiri wanaleta vibarua wa kuvunja migomo. Kwa hiyo aliyejibu, "Ninayo, nimeahidiwa," naye alikuwa hatarini. Mtu mkweli aliweza kurudishwa kwa jibu hili na kwa jibu lile. Basi jamaa waliotangulia waliwaandikia wanaokuja, wakawafundisha la kusema: sina kazi niliyoahidiwa, lakini nina nguvu na ndugu wa kunipokea. Lango likawa shule ya maneno. Tusiseme kwamba watu wale walikuwa waongo. Walikuwa wanafunzi wa swali waliloulizwa. Mwishowe waliorudishwa walikuwa wachache, kama wawili katika kila mia, lakini hao wawili walikuwa ni baba ya fulani au binti ya fulani.

Lango hilo lilikuwa la watu wa Ulaya. Wachina walikuwa wamefungiwa tangu mwaka 1882, kwa sheria iliyowataja kwa jina la taifa lao, na haikufutwa ila mwaka 1943.

Mgeni akishapita alikutana na mji. Huko New York maelfu walipangishwa katika majengo marefu yenye vyumba visivyo na dirisha, familia nzima chumba kimoja, wakishona nguo mchana na kulala juu ya nguo hizo usiku. Mwandishi wa gazeti aliyeitwa Jacob Riis, naye mwenyewe mhamiaji kutoka Denmark, alipiga picha za vyumba hivyo kwa mwanga wa baruti, akatoa kitabu mwaka 1890, na watu wenye nafasi wakaona kwa mara ya kwanza jinsi majirani zao walivyoishi. Mwaka 1901 jimbo la New York likapitisha sheria kwamba nyumba mpya za kupangisha ziwe na hewa, mwanga na choo.

Chicago ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja mwaka 1890, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa wamezaliwa ng'ambo au wazazi wao wamezaliwa ng'ambo. Katika mji huo, Septemba 1889, wanawake wawili, Jane Addams na Ellen Gates Starr, walikwenda kukaa katika nyumba kuukuu kwenye barabara ya Halsted, katikati ya Waitalia, Wagiriki, Wayahudi na Wabohemia. Nyumba iliitwa Hull House. Addams alikuwa ameona mfano wake London, katika Toynbee Hall iliyoanzishwa mwaka 1884. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kueleza: wenye elimu wasipeleke sadaka kwa maskini kisha warudi kwao, bali wahamie mtaani, wakae kama majirani, wasikilize kwanza. Twaweza kuiita nyumba ya ujirani. Wa kwanza waliopata faida walikuwa watoto wadogo waliokuwa wakifungiwa ndani mama zao wakienda kazini. Wakafunguliwa shule ya chekechea. Baadaye zikaja darasa za usiku, bafu za umma, maktaba na kiwanja cha michezo.

Jambo moja la Hull House limetupendeza kuliko yote, nalo ni la takataka. Mtaa ulinuka, mapipa ya mbao yalifurika, watoto walikufa kwa maradhi ya tumbo. Addams na wenzake hawakuandika shairi juu ya uchafu. Walitembea vichochoroni wakahesabu, wakapeleka mamia ya malalamiko kwa afisi ya mji, na mwaka 1895 Addams mwenyewe akateuliwa mkaguzi wa takataka wa kata ile. Aliamka alfajiri akafuata mikokoteni kuona kama inafika inakotakiwa kufika. Wale wanachama wetu ambao wamewahi kupeleka malalamiko ya taka katika mitaa ya mji huu watajua kwa nini tumelitaja hili.

Mwenzake, Florence Kelley, alifanya vivyo hivyo katika karakana za kushonea. Uchunguzi wake ulisaidia kuzaa sheria ya Illinois ya mwaka 1893, iliyokataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14 viwandani na kuweka kikomo cha saa nane kwa wanawake. Naye akafanywa mkaguzi mkuu wa viwanda. Matajiri walishtaki, na mwaka 1895 mahakama kuu ya jimbo ikaitupa sehemu ya saa nane. Ndivyo mambo yalivyokwenda: hatua moja mbele na kesi moja nyuma. Hata mwaka 1911, Machi 25, kiwanda cha nguo cha Triangle huko New York kiliposhika moto, wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitalia, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ndipo jimbo likaunda tume, na tume ikazaa sheria nyingi za usalama wa kazini.

Lakini tusiwaache wasomaji wakidhani kwamba wema wote ulitoka kwa mabibi wenye elimu. Wahamiaji walikuwa na vyama vyao. Wayahudi waliotoka mji mmoja wa Urusi, Waitalia waliotoka kijiji kimoja, walichanga senti kila wiki, na fedha hizo zikamtibu mgonjwa, zikamlisha mjane, na juu ya yote zikanunua shamba la makaburi. Walikuwa na daftari, mweka hazina na ugomvi wa kila mwaka juu ya uchaguzi. Kwa ufupi, walikuwa sisi. Mama zetu wanaocheza hagbad wangekaa nao wakaelewana bila mkalimani.

Kadhalika palikuwa na kasoro. Wasaidizi wengine waliona kumsaidia mgeni ni kumfanya aache chakula chake, nguo zake na lugha yake. Watoto waliojifunza Kiingereza shuleni wakaanza kuwaonea haya wazazi wao. Addams aliliona hili, na mwaka 1900 akafungua ndani ya Hull House jumba la makumbusho ya kazi, ambapo bibi wa Kiitalia au wa Kisiria aliketi akasokota uzi na kufuma kwa mkono kama kwao, ili mwanawe anayefanya kazi kiwandani aone kwamba mashine ile imetokana na vidole vya mama yake. Twafikiri hakuna jambo jingine katika historia hii linalowahusu wazee wetu zaidi ya hili.

Na wako waliopenda matengenezo ya nchi huku wakichukia wageni. Mtaalamu mashuhuri Edward A. Ross alitetea wafanyakazi dhidi ya matajiri, kisha mwaka 1914 akaandika kitabu cha kuwadharau watu wapya wa Ulaya, akisema watashusha damu ya taifa. Tume iliyofanya kazi tangu mwaka 1907 hadi 1911 ilitoa vitabu 41 vya uchunguzi, ikapendekeza mgeni apimwe kusoma. Sheria ya 1917 ikafuata, kisha ya 1921, kisha ile ya 1924 iliyogawa nafasi kwa asilimia mbili ya watu wa kila taifa waliokuwako nchini kwa sensa ya mwaka 1890, yaani kabla ya Waitalia wengi kufika. Kwa hila hiyo ya kuchagua sensa ya zamani, nafasi za Italia zilishuka kutoka 42,000 kwa mwaka hadi chini ya 4,000. Mpango huo ulidumu hadi mwaka 1965.

Basi, mzee wetu, hilo ndilo jibu la kwanza. Waliulizwa maswali 29, na walipokuwa wengi mno, swali likabadilika: hawakuulizwa tena "wewe ni nani," bali "watu wako walikuwa wangapi mwaka 1890."

Sasa turudi kwenye ukingo wetu wa Tana. Mwaka 1925, mwaka mmoja tu baada ya sheria ile, Mwingereza alimkabidhi Mwitalia nchi ya Jubaland, na mpaka ukapita kati ya watu wa ukoo mmoja na visima vyao. Mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikatangazwa kuwa wilaya iliyofungwa, chini ya sheria ya mwaka 1902. Hatusemi kwamba sheria ya Washington ilizaa ya Nairobi. Twasema tu kwamba zilikuwa zama za malango. Mtu hakuingia kwetu bila kibali, na sheria ya mwaka 1934 ya wilaya maalum ikampa afisa uwezo mkubwa juu ya mienendo ya watu na mifugo. Mstari ukachorwa malishoni kuwatenga Wasomali na Waoromo. Ng'ombe hawakuelezwa maana yake.

Tofauti yetu na Chicago ni hii: huko lango lilikuwako, na nyumba ya ujirani ikawako. Hapa lilikuja lango peke yake. Wilaya ilitawaliwa kwa ajili ya ulinzi wa mpaka. Shule na hospitali zilikuja kwa kuchelewa na kwa uchache, na mjane alilishwa na ukoo wake.

Lango lilizaa pia mambo ya kuchekesha. Mwaka 1919 sheria iliwaruhusu Wasomali fulani wa mijini wasihesabiwe kuwa "wenyeji" katika baadhi ya sheria, na kwa hiyo waepuke baadhi ya udhia uliowapata Waafrika wengine, nao ni wakati kipande kilipoanza kufungwa shingoni mwa vibarua. Katika miaka ya 1930 Waisaaq wa Kenya walipigania kuhesabiwa pamoja na Waasia, na wakadai watozwe kodi kubwa zaidi ya ile waliyowekewa. Watu kuomba kodi iongezwe! Lakini huko Marekani nako, ambako uraia wa kuandikishwa ulikuwa kwa "mweupe" na, tangu 1870, kwa mwenye asili ya Kiafrika, Mjapani Takao Ozawa alikwenda hadi Mahakama Kuu kudai kwamba yeye ni mweupe, akashindwa mwaka 1922. Na Mhindi Bhagat Singh Thind, aliyekuwa askari wa nchi hiyo, akashindwa mwaka 1923. Serikali ikigawa haki kwa jina la kabila, watu watabishania jina. Wajukuu wa waliobishana hapa wamo katika chama hiki pamoja na wajukuu wa waliovaa kipande, na tumezoea kutaniana juu yake.

Uhuru ulipokuja, lango halikuvunjwa. Desemba 1963 ilitangazwa hali ya hatari katika mkoa wetu, vita vya shifta vikapiganwa hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, watu wakakusanywa vijijini na ngamia wao wakaangamia; na sheria za hatari zenyewe hazikuondolewa ila mwaka 1991. Hayo wazee wanayajua kwa miili yao, nasi hatutawasimulia. Twataja tu Novemba 1989, ambapo kila Mkenya wa asili ya Kisomali aliyetimiza miaka 18 alitakiwa kusimama mbele ya kamati akathibitishe uraia wake. Aliulizwa ukoo, mlango, babu, kisima. Aliyefaulu alipewa kadi ya rangi ya waridi ya kuambatanisha na kitambulisho chake. Majirani zetu Wapokomo na Wamunyoyaya, na walimu waliotoka bara, hawakuulizwa, nao wengine waliona haya kwa niaba yetu.

Miaka miwili baadaye ndipo mtego wa Ellis Island ulipotegwa Garissa.

Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa Dadaab mwaka 1991 na 1992 kwa ajili ya watu 90,000. Ilipofika njaa ya mwaka 2011 walikuwa zaidi ya 460,000. Ukame hausomi pasi. Ulioua ng'ombe wa Somalia uliua wa Kenya vilevile, lakini ndani ya kambi palikuwa na mahindi, mafuta, daktari na shule, na nje ya kambi, kwa raia wa Kenya, aghalabu hapakuwa na kitu. Basi akina mama wa vijiji vya jirani waliwashika watoto mkono wakajiandikisha. Wengine, tuseme kweli, hawakufuata mahindi. Walifuata Marekani, maana kambini ndiko majina ya watakaopelekwa huko yalikokuwa yakiandikwa. Aliyesema "mimi ni Mkenya" hakupata chakula. Aliyesema "mimi ni mkimbizi" alipata chakula, na vidole vyake vikachukuliwa alama. Mtoto akakua. Alipotimiza miaka 18 akaenda kutafuta kitambulisho, mashine ikasema: wewe ni mkimbizi.

Hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 40,000. Sisi tunawajua kwa nyuso. Yuko kijana wa chama chetu aliyepita mtihani wake vizuri, babaye amezikwa hapa na babuye pia, naye kwa miaka sita hakuweza kuvuka kizuizi cha darajani kwenda chuoni wala kusajili simu kwa jina lake. Tulimsindikiza mara nne kwenye afisi ambayo hatutaitaja. Mara ya nne karani alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba tatizo lake ni kuwa alikula akiwa mtoto.

Tusijitoe lawamani. Wazazi waliojiandikisha walijua kwamba wanasema lisilo, na wako waliofanya biashara ya kadi za chakula. Mwanachama mmoja aliposoma rasimu ya makala hii alitaka sentensi hiyo ifutwe, tumeiacha. Lakini kosa la mama mwenye njaa halikupasa kudaiwa kwa mtoto wa miaka mitatu, na lango lililoweka chakula nyuma ya jibu moja tu lilikuwa limemfundisha jibu hilo.

Na wale walioondoka Dadaab wakafika, walikuta nini? Wagosha ni mfano bora. Hao ni wajukuu wa Wazigua, Wayao, Wamakua na wengine waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka pwani na bara ya Tanzania na Msumbiji hadi mto Juba, na wako wanaosema Kizigua hata leo. Tanzania iliwapokea baadhi yao huko Chogo, wilayani Handeni, na wengi wakapewa uraia. Wengine wapatao 12,000 walihamishwa kutoka Dadaab hadi Kakuma mwaka 2002 ili wahojiwe na Wamarekani, na tangu 2003 wakaanza kupelekwa. Baadhi waliishia Lewiston, mji wa Maine wenye viwanda vikubwa vya nguo vilivyofungwa, ambavyo zamani viliendeshwa na vibarua Wakanada wa Kifaransa waliodharauliwa kwa lugha yao na dini yao. Wasomali wengine walikuwa wametangulia huko, na mwaka 2002 meya wa mji alikuwa amekwisha kuwaandikia wazee wao barua ya wazi akiwaomba wapunguze kuja. Jina la ukoo la meya huyo lilikuwa la Kifaransa.

Minneapolis kuna mtaa uitwao Cedar-Riverside. Karne iliyopita ulikuwa mtaa wa Waswidi na Wanorwe waliotoka viwandani na mashambani. Tangu miaka ya 1990 umekuwa mtaa wa Wasomali, wengi wao waliopitia Kenya. Miaka mingi kituo chao cha jamii, cha vijana na cha chakula, kilikuwa Brian Coyle, kikiendeshwa na shirika la Pillsbury, ambalo asili yake ni zile nyumba za ujirani za zama za Jane Addams. Watu wetu walivuka bahari wakaingia katika chumba kilichojengwa kwa wazo la kumpokea Mswidi. Mmoja wa wawakilishi wao, Ilhan Omar, aliyekaa utotoni katika kambi ya Utange karibu na Mombasa na kufika Marekani mwaka 1995, alichaguliwa katika Bunge la nchi hiyo Novemba 2018.

Lakini yule mwanachama aliyesema afadhali wenye jamaa Minnesota asituelewe vibaya. Januari 27, 2017, amri ya rais ilizuia watu wa Somalia na nchi nyingine kadhaa, na watu wa Dadaab waliokuwa wameuza vyombo vyao tayari kwa safari wakarudi kununua sufuria. Amri hiyo iliondolewa Januari 2021. Januari 2025 mpango mzima wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa, na Juni mwaka huo Somalia ikatajwa tena katika orodha ya waliozuiwa. Lango la 1924 na nyumba ya 1889 bado ziko pamoja katika nchi ile, na mgeni hajui atafikia lipi.

Hapa kwetu mwaka 2025 ulianza kwa habari njema. Januari, katika kesi iliyoletwa na shirika la Haki na Sheria pamoja na baadhi ya walionyimwa, Mahakama Kuu ya Garissa iliamua kwa faida ya Wakenya walioandikwa ukimbizini. Februari 5, huko Wajir, Rais alitia sahihi tangazo la kuondoa usaili wa ziada waliokuwa wakifanyiwa watu wa wilaya za mpakani wakiomba vitambulisho. Wazee wetu waliolelewa chini ya kibali cha D.C. walisikiliza redio kimya. Mmoja akauliza kama karani wa chini naye amesikia.

Kwa sababu ya swali hilo Halmashauri imefungua daftari la pili, mbali na lile la mazishi. Ndani yake kumeandikwa jina la kila kijana ambaye chama kimemsindikiza, tarehe, karatasi alizopeleka, na jibu alilopewa, neno kwa neno. Daftari limewekwa kwa Katibu. Mzazi ambaye mtoto wake hamo na alete cheti cha kuzaliwa, au cha shule, na mzee mmoja wa ukoo au wa mtaa, awe ni wa kabila lolote la mji huu, kabla ya siku ya mkutano mkuu.